Upande wa Uzi Mweupe

Kabla hamjaunganisha waya mweupe na waya mwekundu kuwa kitu kimoja, someni haya. Najua wengi hamtasoma. Siku ya kuniaga hapo redioni mlinilisha pilau, mkanipa saa ya ukutani, na meneja akasema kwenye hotuba yake kwamba mimi ni maktaba inayotembea, kwa hiyo niandike kidogo ili vijana wa mitambo wajifunze. Maktaba isiyotembea, ile ya sahani za santuri iliyokuwa chumba cha nyuma, alikuwa ameshaigawa. Lakini nimeombwa, na mimi sijazoea kukataa kazi. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havijawahi kunifundisha kitu. Nitasema habari za sahani, hasa zile za stereo ya kuigiza, na habari za mama mmoja wa Butiama aliyekuwa anamtafuta baba yake, ambaye duniani alibakiza sauti tu.

Nilianzia kwa Mzee Salum, Musoma mjini, mtaa wa nyuma ya soko, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Mzee Salum alikuwa seremala na fundi redio kwa pamoja. Baba yake alitoka Tabora, mama yake Ujiji, yeye akazaliwa Musoma, na Kijita alikiongea vizuri kuliko mimi niliyezaliwa Bukima. Radiogramu zilizokufa, zile redio zenye mashine ya sahani ndani yake, alizitoa matumbo, akaziundia sanduku jipya la mninga, zikaimba tena. Siku ya kwanza nilifika na shati la kuazima, nikitegemea nitapewa bisibisi. Nikapewa kitambaa cha pamba.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, mzee?"

"Sahani. Ukiweza kufuta, ndiyo tutaongea habari za bisibisi."

Nilifuta mpaka nikaanza kuota nafuta. Sahani inafutwa kwa kufuata mistari yake, haifutwi ovyo kama meza ya mgahawa. Maji yachemshwe na yapoe, sabuni iwe kidogo sana, na karatasi ya katikati isilowe. Sindano isafishwe kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele. Na msiweke sarafu juu ya mkono wa sindano eti isiruke. Sindano inayoruka inawaambia kitu, na kuikandamiza kwa sarafu ni kumziba mgonjwa mdomo ili asilalamike. Nayaandika haya kwa sababu nimeombwa mambo ya manufaa. Atakayeyatumia simjui, maana mashine ya mwisho ya sahani pale kazini niliiona ikishikilia mlango usifungwe na upepo wa ziwani.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ililetwa na mwalimu mmoja wa Suguti. Alikuwa ameuza ng'ombe akanunua radiogramu ya spika mbili na sahani mpya ya nyimbo za zamani, na sasa alikuwa amekasirika.

"Mwimbaji anayumba kama amelewa," akasema. "Mara yuko dirishani, mara yuko uvunguni. Na nikiunganisha na ile spika yangu moja ya zamani, anapoteaga kabisa."

Mzee Salum hakuigusa radiogramu. Alichukua jalada la sahani, akasoma neno STEREO lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la bendi, akacheka kwa pua.

"Mwalimu, nyimbo hizi mimi nimezichezea dansi kabla wewe hujaoa. Zilirekodiwa kwa maikrofoni moja. Ng'ombe alikuwa mmoja. Sasa hizi ngozi mbili wamezichuna wapi?"

"Kwa hiyo nimeibiwa?"

"Hujaibiwa. Umeuziwa ulichokuwa unakitaka."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu walinunua mashine za spika mbili, wakaona aibu kupigia sahani za mono, za mkondo mmoja wa sauti. Makampuni yakaona aibu hiyo ni biashara. Yakachukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa zamani kwa mkondo mmoja, yakazipasua kwa mitambo. Upande mmoja wakatia besi nyingi, upande wa pili wakatia sauti nyembamba. Kisha upande mmoja wakauchelewesha kidogo sana, pengine wakauongezea mwangwi, ili sikio lidanganyike kwamba kuna ukumbi mpana na bendi imejipanga kushoto na kulia. Spika zikiwa mbili na ziko mbali, uongo ule unavumilika. Ukizikusanya pande zote mbili katika spika moja, uongo unagombana na ukweli. Upande mmoja unasukuma wakati mwingine unavuta, na kinacholiwa pale katikati ni sauti ya mtu. Mwimbaji anakuwa kama ameinamia pipa tupu.

Dawa yake ni rahisi kuisema. Tafuta upande wenye sauti ya kweli, uupige huo peke yake kwenye spika zote, na ule mwingine uache ulale. Ugumu ni kwamba hakuna sheria ya upande gani. Sahani hii kushoto, ile kulia, na nyingine wimbo wa kwanza ni huku na wa pili ni kule. Mzee Salum alikuwa anaipa spika mgongo, anachomoa waya mmoja, anasikiliza, anaurudisha, anachomoa wa pili.

"Usisikilize gitaa," aliniambia. "Gitaa halina koo. Sikiliza mtu anavyovuta pumzi. Upande ambao unasikia pumzi, mtu yuko huko."

Akishaupata, alishona uzi kwenye pembe ya jalada. Uzi mweupe, upande wa kushoto, kama waya mweupe. Uzi mwekundu, wa kulia. Nyuzi aliziomba kwa fundi cherehani wa jirani, ambaye kila mara alilalamika na kila mara alitoa. Hatukuandika popote. Ukivuta jalada kwenye rafu, kidole kinagusa uzi, unajua cha kufanya. Ilikuwa alama ya karakana moja tu duniani, na leo natambua kwamba alama ya namna hiyo inaishi kwa muda wanaoishi wanaoijua.

Redio yetu ilipoanza Musoma, walitafuta mtu anayejua kupiga sahani, nikaenda. Muda si mrefu tukasikia kwamba ukumbi wa dansi wa Bunda unafungwa na mwenyewe anataka kuondoa sahani zake. Nilimwomba Mzee Salum anisindikize. Tulizikuta stoo, nyigu wamejenga nyumba za udongo kati ya majalada, tukafanya kazi ya kubandua udongo kwa kijiko cha chai. Tulichambua barazani, tukitumia radiogramu ya ukumbi wenyewe. Nyingi zilikuwa sahani ndogo za mono, safi, hazina hila. Zile kubwa zilizojigamba stereo ndizo tulizozikalia.

Katika hizo kulikuwa na moja ya bendi iliyovunjika zamani, yenye nyimbo zilizopasuliwa kama nilivyoeleza. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili aliuimba mtu mmoja tu, na mwenye ukumbi alituambia huyo ni kijana wa Butiama aliyekwenda Nairobi na gitaa, akajiita jina la kisanii, akafia huko huko. Tulipochomoa waya mwekundu, tulimsikia akivuta pumzi. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu, mpiga saksafoni alikosea kidogo, na yule mwimbaji akacheka. Si cheko la kuigiza. Cheko fupi la tumboni, la mtu aliyeshiba na yuko na rafiki zake.

Mzee Salum aligeuka, naye anatabasamu. "Huyu yuko hapa kabisa. Shona mweupe."

Nilishona mimi. Miaka mingi niliupiga wimbo ule kipindi cha Jumapili cha nyimbo za zamani, upande wa kushoto peke yake, na kila ukifika kwenye cheko nilijikuta natabasamu peke yangu studio. Mzee Salum alifariki katikati ya miaka hiyo. Tulimzika Musoma, na vifaa vyake vikagawanywa na wanawe, ambao waliuza mninga na kutupa waya.

Sasa nifike kwenye kazi kubwa ya kisasa, ile mnayoijua. Meneja mpya aliagiza nyimbo zote ziingizwe kwenye kompyuta. Ikaja mashine mpya ya sahani yenye waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na kazi akapewa Deo, fundi wetu wa mitambo, mzaliwa wa Suguti. Deo si mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Alianza na zile sahani ndogo za mono. Akagundua, kwa akili yake mwenyewe, kwamba ukiunganisha kushoto na kulia kwenye sahani ya mono, mikwaruzo inapungua na sauti inatulia. Ni kweli. Hata mimi ningefanya hivyo. Kisha akachukua kanuni hiyo njema akaipitisha kwenye sahani zote, pamoja na zile za kuigiza. Mimi wakati huo nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya nyonga. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha na keki ya pongezi imeliwa.

"Mzee Magesa," Deo aliniambia, "siku hizi mtu anasikilizaga kwa simu. Spika ni moja. Hata hizi za bluetooth, unaona mbili lakini ndani zinaunganishwaga tu. Tukiacha pande mbili ni kazi bure."

"Na majalada yako wapi?"

"Yalikuwa na ukungu na mende, mzee. Yamechomwa."

"Yalikuwa na nyuzi."

"Nyuzi gani?"

Nilikaa kwenye kiti nikasikiliza faili moja baada ya nyingine. Waimbaji niliowajua kwa pumzi zao walikuwa wameingia kwenye pipa. Nilikwenda kwa meneja nikamweleza, akanisikiliza kwa heshima sana, heshima ile anayopewa mtu ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu. Akasema wasikilizaji hawajalalamika. Sahani zenyewe, alisema, zimepewa hoteli moja ya ufukweni kwa ajili ya mapambo. Watalii wanapenda vitu vya kale.

Hapo ndipo alipokuja Nyamisi. Ni mama wa makamo, anachukua dagaa Bukima na kuwauza Butiama, na siku hiyo alipita ofisini na ndoo yake yenye dagaa wachache waliobaki. Alisema anatafuta wimbo wa baba yake. Alizaliwa baba ameshaondoka. Mama yake alimwambia tu kwamba baba alikwenda kurekodi nyimbo Nyamisi akiwa bado tumboni, kifua kikamshika huko, nauli ya kurudi ikaishia kwenye dawa, akafa kati ya watu wasiomjua. Jina la kisanii mama alilificha kwa uchungu mpaka siku za mwisho za ugonjwa wake, ndipo akamtajia. Ndugu hawakuwa na picha hata moja.

"Nimesikia hapa mna nyimbo zote za zamani," akasema. "Mimi sitaki kingine. Nataka nimsikie."

Deo aliandika jina kwenye kompyuta, wimbo ukatoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulikuwa ule ule, na mwimbaji alikuwa ndani ya pipa, anakuja na kupotea. Nyamisi aliweka ndoo chini. Baada ya ubeti wa pili, pale penye cheko, kilichosikika kilikuwa kishindo kikavu, cheko lililoliwa likabaki na ncha zake.

"Hapo anakohoa," Nyamisi akasema kwa sauti ndogo. Kisha, kama mtu anayemhudumia mgonjwa chumbani, akasema, "Pole, baba."

Deo alimwekea wimbo kwenye flashi. Alishukuru sana, akatuachia dagaa waliobaki kwenye kitambaa. Mimi sikumwambia habari za cheko. Nilifikiri, huyu mama amepewa baba nusu, na nusu aliyopewa ndiyo ile mbaya. Nikajiapiza kwamba sahani ile nitaipata, nimpelekee baba yake mzima, anayevuta pumzi na kucheka. Tangu siku ile sikuwa na mpango mwingine wa kustaafu.

Mkaniaga. Kesho yake nikaenda hotelini. Sahani zilitundikwa ukuta wa baraza unaotazama ziwa, kila moja imepitishiwa msumari kwenye tundu lake la katikati, nyeusi kwenye chokaa nyeupe. Watu walikuwa wanakula sato chini yake. Nilizunguka na soda mkononi nikisoma karatasi za katikati, kama mtu anayesoma majina makaburini. Jua la jioni la Musoma halina huruma na plastiki. Nyingi zilikuwa zimejikunja kingo kama chapati iliyosahaulika kwenye moto. Ile ya bendi niliyoitafuta nayo ilikuwa imekunja kingo, lakini wimbo ule ulikuwa wa mwisho, karibu kabisa na karatasi, mahali ambapo mkunjo haujafika.

Nilimwambia dada wa mapokezi nataka ile moja.

"Hatuuzagi, mzee. Ni mapambo. Ukiitoa pataonekana pengo."

Nilirudi nyumbani, nikaja na saa ya ukutani mliyonipa. Ilienea kwenye msumari ule kana kwamba ilitengenezewa pale. Dada alirudi nyuma akaitazama, akasema imependeza. Msikasirike. Nadhani inasomwa na watu wengi kuliko ingesomwa sebuleni kwangu, ambako mimi na mke wangu hatuna tena pa kuwahi.

Nilipofika nyumbani na sahani, niliifuta kama nilivyofundishwa. Kuhusu mashine za kisasa, shikeni hili, ndilo pekee nililolijifunza baada ya kustaafu. Usibonyeze neno mono kwenye kompyuta kwa sahani ya kuigiza. Chukua upande mmoja, unakili uende pande zote mbili, na ule wa pili uufute. Kama huna kompyuta, chomoa waya mwekundu nyuma ya mashine, tafuta waya wenye mdomo mmoja na mikia miwili, chomeka mdomo kwenye mweupe na mikia kwenye amplifaya. Uzi haukuwepo tena, lakini sikutaka kutegemea kumbukumbu ya mtu mwenye umri wangu. Niliipa spika mgongo. Alivuta pumzi kushoto, pale pale.

Deo alisikia nimeipata, akaja nyumbani na gari la shemeji yake.

"Nikupeleke, mzee. Na mimi nataka nisikie hizo nyuzi zako."

Tukaenda Butiama, mashine yangu ya sahani nimeipakata mapajani. Nyamisi alitupokea kwa furaha, akawaita wajukuu watusalimie, akatuweka sebuleni. Kulikuwa na sabufa kubwa chini ya televisheni. Sabufa ni adui yangu mwingine, linakusanya besi za pande zote na kuzimwaga chini, lakini hiyo si habari ya leo. Flashi ilikuwa imechomekwa pale pale. Alisema anausikiliza kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na wajukuu wanaujua wimbo wote. Wanajua hata pale babu mkubwa anapokohoa, wote wanasema pole.

"Mama," nikamwambia, "leo nimekuletea mwenyewe."

Nilifunga nyaya polepole. Nilishusha sindano. Sauti ikatoka, karibu, nzito, ya kijana. Unasikia midomo inavyoachana kabla ya neno. Alikuwa kama amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki wazi pale sebuleni. Deo aliinua kichwa akanitazama, na nikajua kwamba safari hii amesikia. Nyamisi alikuwa ameshika kanga kifuani, hasogei. Ubeti wa pili ukaisha, saksafoni ikakosea, na baba yake akacheka.

Wimbo ukaendelea mpaka mwisho.

"Rudisha," Nyamisi akasema.

Nikarudisha sindano. Akasikiliza mpaka pale pale, akaniashiria niinue.

"Hapa ndipo anakohoaga."

"Hakohoi, mama. Anacheka. Alikuwa anacheka siku zote, ni mashine ndiyo iliyokuwa inammeza."

Nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimesubiri kulisema neno lile tangu siku ya ndoo. Yeye alitazama ile sahani iliyojikunja kwa muda mrefu, na uso wake ukawa unafunga, kama duka linavyofungwa ubao mmoja mmoja.

"Mama aliniambia alirekodi wimbo huu mwaka niliozaliwa," akasema. "Mimi nina miezi, yeye ana kifua. Akaniambia ndiyo maana hakurudi. Mimi nikaamini. Kila siku si nilikuwa namsikia anaumwa?"

"Labda aliugua baadaye," nikasema.

"Labda." Alitikisa kichwa. "Lakini mtu mwenye kifua hachekagi hivi, mzee. Huyu alikuwa mzima. Alikuwa mzima, ana rafiki zake, anacheka. Na barabara ya kuja Butiama ilikuwepo."

Mimi nilikuwa na maneno ya fundi tu. Ningeweza kumweleza kushoto na kulia, ucheleweshaji na mwangwi, na yote yangekuwa kweli, na hakuna ambalo lingemrudishia alichokuwa nacho asubuhi ile. Nilichomoa waya mweupe. Nilimwambia sahani ni yake, nimemletea abaki nayo.

"Nashukuru umehangaika, Mzee Magesa. Mungu akubariki. Lakini rudi nayo." Alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Huyu mimi simjui. Mimi nibakie na yule mgonjwa."

Deo alibeba mashine na sahani akapeleka kwenye gari. Nilitaka tuage, lakini nyumba ya watu haiachwi bila kula, na yeye alishaingia jikoni. Alitutengea ugali wa mtama na dagaa wa nazi aliojifunza kuwapika kwa wapangaji wake wa Kiislamu, akatunawisha mikono, akatuuliza habari za Musoma na bei za samaki, kama ambavyo wageni huulizwa. Tukala, na chakula kilikuwa kitamu. Nawaambia hili kwa sababu niliona aibu kwamba kilikuwa kitamu.

Tulipokuwa tunamalizia, aliinuka akaenda sebuleni. Sabufa likaguruma, flashi ikaanza. Kijana yule akaimba tena ndani ya pipa lake, anakuja na kupotea, hajui kama kuna mtu. Wajukuu walikuwa wanatazama sahani zao za ugali. Ubeti wa pili ukaisha. Deo akaacha tonge mkononi. Kile kishindo kikavu kikasikika, na kutoka sebuleni, sauti ya Nyamisi, peke yake safari hii, ikasema, "Pole, baba."